Kibati Kinachouma

Hasira za Mama Mikate zilianza kwa jambo dogo, na kwa kuwa alijua ni dogo, zilimkera zaidi. Alikuwa akifuta meza ya sebuleni kwa kitambaa kibichi, kama afanyavyo kila asubuhi kabla hajakanda unga. Kitambaa kikapita juu ya kibati cha mkwewe, na kibati kikamuuma.

Hakikumkata. Kilimuuma. Ilikuwa kama siafu ameingia kwenye ncha za vidole, akapita ndani kwa ndani mpaka kwenye kiwiko, kisha akapotea. Mama Mikate aliurudisha mkono, akautazama mkono, akakitazama kibati. Kilikuwa kimekaa pale na taa yake nyekundu, kimya, kama mgeni aliyepasua kikombe na anangoja kuona kama kuna aliyemwona.

"Ala!" alisema.

Hakukuwa na wa kumjibu isipokuwa paka, na paka alikuwa na shughuli zake.

Mtaani walimwita Mama Mikate kwa sababu ya kazi yake. Tangu mumewe alipofariki alikuwa akioka mikate na skonzi katika tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na maduka ya jirani yalimtegemea. Shule aliiacha mapema, lakini macho yake hayakuacha kitu. Alikuwa mtu wa kuchungulia. Kabla ya kulala alipitia makomeo yote, akachomoa kila plagi ukutani, akarudi tena kuhakikisha kwamba alizichomoa kweli, kisha akamwekea mjukuu wake mkono kifuani asikie kama anapumua.

"Mama, wewe utaota mvi mpaka kwenye kope," binti yake alizoea kumwambia.

"Acha ziote. Mwenye mvi yuko hai."

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na aliishi hapo hapo pamoja na mumewe na mtoto wao wa kike, wakati mume akijenga nyumba yao polepole upande wa pili wa mji. Mume aliuza vigae katika duka moja kubwa. Hakuwa mlevi wala mkali, na hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Hilo nalo lilimuudhi Mama Mikate. Angekuwa mlevi, angejua pa kuanzia.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: umeme. Akishatoka kazini, akishaoga na kula, alikaa mezani na chuma chake cha kulehemu, moshi ukimpanda puani, akiunganisha vidude. Alikuwa ametengeneza taa za kumetameta, akatengeneza kipaza sauti cha simu, akatengeneza na kengele ya kulia tangi la maji likijaa, ambayo ililia tangi likiwa tupu. Majirani walimpa jina la Volti, na jina likamganda.

Vidude hivyo vyote vilikula betri kama mchwa anavyokula mlango. Ndipo Volti alipoamua kutengeneza pawasaplai yake mwenyewe, yaani kifaa cha kuchukua umeme wa ukutani na kuupunguza mpaka uwe mpole wa kutosha kulisha vidude vyake. Alimtuma mkewe kwa mama mkwe kuomba mabati mawili ya kuokea mikate, yale yaliyopinda. Mama Mikate akayatoa kwa moyo mweupe, akidhani ni ya kuhifadhia misumari. Volti akayakabilisha mabati hayo, moja juu na jingine chini, midomo ikitazamana, akayakaza kwa skrubu. Ndani aliweka transfoma aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Mbele akafunga taa nyekundu na kitufe cha kuzungusha, na nyuma akatoboa tundu kwa msumari, akapitisha waya wa kwenda ukutani.

Siku alipokiwasha kwa mara ya kwanza alimweleza mkewe kila kitu, na Mama Mikate alisikiliza kutoka jikoni huku akijifanya anachekecha unga.

"Umeme wa ukutani ni mkali," Volti alisema. "Transfoma inaupunguza. Hizi daiodi nne zinauelekeza njia moja, maana ule wa ukutani unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Halafu hii kapasita nene inautuliza. Ukitoka hapa mbele, hata ukishika kwa ulimi haukufanyi kitu."

"Na huku nyuma?" mkewe aliuliza.

"Nyuma hakuna wa kushika."

Mama Mikate aliyasikia maneno hayo, akaendelea kuchekecha. Aliyakumbuka baadaye.

Sasa, kuna jambo la kuelewa kuhusu nyumba ile. Mama mkwe na mkwe waliheshimiana kiasi kwamba heshima yenyewe ilikuwa kama ukuta. Tangu amwoe binti yake, Mama Mikate hakuwahi kumwambia Volti neno zito ana kwa ana. Alilelewa akijua kwamba mwanamke mwenye adabu hamfokei mkwewe. Akikosa ustahimilivu humwambia mwanawe, na mwanawe akitia pamba masikioni, basi husema na ukuta. Yeye alisema na paka.

"Wewe paka," angesema kwa sauti ya kufika sebuleni, "hivi siku hizi watu wanakula wapi? Maana meza imegeuka karakana."

Au: "Paka, hebu nusa. Ni mkate wangu unaoungua, au ni mtu anakaanga risasi?"

Au, siku alipoona tundu la kuungua kwenye kitambaa cha meza: "Paka, wewe una kucha, lakini hukuwahi kunitobolea kitambaa. Mungu akuzidishie."

Volti alikuwa mwepesi wa kuelewa kijembe. Angeinama, acheke chini kwa chini, aseme, "Pole sana, paka," kisha ajisogeze na vitu vyake pembeni. Wakaishi hivyo. Paka alinenepa kwa maneno yasiyo yake, na binti alicheka na pande zote mbili.

Kwa hiyo jioni ya siku ile aliyoumwa na kibati, Mama Mikate alifanya kama alivyozoea. Alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, akamtazama paka.

"Wewe paka, jiangalie sana. Nyumba hii siku hizi hata vibati vinauma."

Volti akacheka. "Paka, umeambiwa. Mezani si mahali pako."

"Vinauma, paka! Na kuna mtoto ameanza kutambaa."

"Mama naye!" binti alisema, akiangua kicheko.

Mama Mikate akarudi jikoni akiwa amefura kama unga uliotiwa hamira mara mbili. Alimvuta binti yake pembeni walipokuwa wakiosha vyombo.

"Kile kitu kimeniuma. Sifanyi mzaha."

"Kinatekenya tu, mama. Hata mimi kimenitekenya. Mume wangu anasema transfoma ni ya zamani, inavujisha kidogo. Haiui."

"Inavujisha kidogo! Na gesi inavuja kidogo, na paa linavuja kidogo, na jahazi linazama kwa nini? Mwambie akitoe ndani ya nyumba."

"Mwambie wewe."

"Nimfokee mkwe? Umeniona sina akili?"

"Basi, mama. Nitamwambia."

Binti akamwambia, lakini alimwambia kwa kicheko, kitandani, kama mtu anayesimulia vituko vya mama yake. Na Volti, kwa sababu ni mtu wa adabu, akatafakari usingizini na kupata jibu. Mama anataka meza yake. Kuanzia hapo, kila Mama Mikate alipohitaji meza ya kupangia skonzi, Volti alikishika kibati kwa mkia, yaani kwa ule waya wa nyuma, akakishusha taratibu sakafuni chini ya dirisha. Mama akimaliza kazi, anakivuta tena kwa mkia na kukirudisha juu. Alifanya hivyo kwa moyo safi kabisa, tena akitabasamu, akijiona mkwe wa kuigwa.

Sakafuni! Mama Mikate alipokiona pale chini kwa mara ya kwanza, taa nyekundu ikiwaka usawa wa macho ya mtoto anayetambaa, alimtafuta mtoto kwa macho. Mtoto alikuwa katika umri ule wa kukamata kila chenye rangi na kukitia mdomoni. Alikuwa ameshakula sabuni na kifungo cha koti. Mama Mikate alimwinua, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaoka mikate ya siku ile akiwa na mtoto mgongoni mbele ya moto, jasho likimtiririka, meno yameumana.

"Mama, mshushe mtoto, utamuunguza," binti alisema.

"Moto nauona," alijibu. "Nisichokiona ndicho ninachokiogopa."

Alikuwa tayari kumpasulia Volti ukweli siku ile. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini Volti aliingia kutoka kazini na mfuko wa matunda, akainama, akamwamkia kwa ile sauti yake ya upole, na Mama Mikate akayameza yote yakashuka kama mawe. Akaishia kumwambia paka. Paka akaondoka.

Lilipotokea, lilitokea mchana, jua likiwa juu ya paa, siku ambayo Volti hakwenda kazini.

Alikuwa amekiwasha kibati kikichaji betri ya pikipiki ya jirani. Meza ilikuwa imejaa skonzi, kwa hiyo kibati kilikuwa sakafuni. Volti mwenyewe alikuwa nje ya lango akizungumza na huyo jirani mwenye betri. Mama Mikate alikuwa nyuma ya nyumba, ameinamia tanuri, anatoa mikate kwa ule ubao wake wenye mpini mrefu. Binti alikuwa uani hatua chache kutoka mlangoni, mikono ndani ya beseni, akifua nepi. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni.

Mtoto aliamka bila kulia. Binti alitupa jicho mlangoni akamwona tayari yuko chini ya dirisha, ameushika waya, anauvuta kuelekea mdomoni. Alikimbia kama alivyo, miguu mitupu, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni. Akamsukuma mtoto nyuma kwa mguu. Akakishika kibati kwa mkono ili akiondoe.

Mama Mikate hakusikia ukelele. Alisikia sauti moja isiyopanda wala kushuka, "aaa" ndefu kama ya mtu anayetaka kusema jambo na amesahau. Alijua. Hakujua kwa akili, alijua kwa magoti, maana yalishaanza kukimbia kabla hajajiambia kimbia. Aliingia sebuleni na ubao wa mikate mkononi, akamwona mwanawe amepiga magoti, mkono umeganda juu ya kibati, shingo imekakamaa, macho yako wazi na hayamwoni mtu.

Alikipiga kibati kwa ubao. Lilikuwa pigo la mwanamke aliyetoa mikate tanurini nusu ya maisha yake. Kibati kikaruka, kikagonga ukuta, waya ukachomoka kwenye soketi, na binti akaanguka ubavu.

Kisha mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote, na kilio hicho Mama Mikate alikipokea kama mvua.

"Mama," binti alisema kutoka sakafuni. "Mkono. Siusikii mkono wangu."

Alikuwa anapumua. Vidole viwili vilikuwa na malengelenge meupe, na mwili mzima ulimtetemeka kama aliyetoka kwenye barafu. Mama Mikate alikuwa amekwisha kumpakata kichwa alipotokea Volti mlangoni, mbio, kiatu kimoja kimemvuka.

"Kuna nini? Kuna nini?"

Ukuta wa heshima ukaanguka wote kwa mara moja, matofali na vumbi lake.

"Wewe!" Mama Mikate alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Wewe! Umetaka kuniulia mwanangu? Nina mwingine? Nimemficha wapi mwingine?"

"Mama..."

"Usiniite mama! Mama yako angekufundisha usiweke kifo sakafuni mbele ya mtoto! Njoo umtazame mkeo. Njoo uvitazame vidole! Hivyo ndivyo kutekenya?"

Volti alikuwa ameshapiga magoti, ameushika mkono wa mkewe, uso umemgeuka kijivu. "Mama, nisamehe, mimi sikujua... ungeniambia tu, ningekitoa siku hiyo hiyo..."

"Nilikwambia! Nilisimama pale, nikasema vibati vinauma! Nikasema mtoto anatambaa!"

"Ulimwambia paka, mama."

Hakuyasema kwa ufedhuli. Aliyasema kama mtu anayetafuta kitu gizani. Lakini yalimwingia Mama Mikate kama kibanzi chini ya ukucha, kwa sababu yalikuwa kweli, na hakuna kinachomchoma mtu mwenye hasira kama ukweli unaotoka kwa mkosaji. Aliuinua ubao. Volti hakukwepa. Binti akasema, "Mama!" na ubao ukabaki hewani, ukashuka polepole.

"Sawa," Mama Mikate alisema, akihema. "Nilimwambia paka. Leo nakwambia wewe. Mpeleke mkeo hospitali sasa hivi, na mkirudi utakifungua kitu hicho mbele ya macho yangu. Nataka kuona kilichomshika mwanangu."

Hospitali walimpima moyo, wakamfunga vidole, wakamwambia amebahatika. Waliporudi, Mama Mikate alimlaza binti yake na mtoto chumbani kwake, akafunga mlango, akatoka na kiti. Akakiweka katikati ya sebule, akakaa.

"Fungua."

Volti akafungua skrubu moja moja. Bati la juu likatoka. Wala hakuhitaji kutafuta. Pale nyuma, kwenye tundu alilolitoboa kwa msumari, kingo za bati zilikuwa zimechomoza kwa ndani kama meno ya kikwaruzo. Kila siku alipokivuta kibati kwa mkia, kukishusha na kukipandisha, meno yale yaliusaga waya. Ngozi ya waya ilikuwa imekatika, na shaba ilikuwa imelalia bati.

"Ni hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Ilitakiwa nitie mpira kwenye tundu, waya usisuguane."

"Mpira ulikuwa umekwisha duniani?"

"Hapana, mama."

"Na umeme ulipogusa bati, kwa nini haukukatika? Pasi yangu ilipoharibika fyuzi iliungua, pasi ikazima. Hiki kwa nini kilimshikilia mwanangu?"

Volti akauinua waya. "Kwa sababu ya athi. Ni waya wa tatu, unafungwa kwenye bati. Umeme ukivuja, waya huo unaukimbiza ardhini, fyuzi inaungua, basi. Mimi nilitumia waya wa nyuzi mbili. Ndio nilioupata."

"Ulijua unatakiwa uwe wa nyuzi tatu?"

Volti aliigeuzageuza bisibisi mkononi.

"Nilijua, mama. Nilisema nitaubadilisha baadaye."

Mama Mikate alisogeza kiti karibu naye. Angesema hakujua, angemfokea mpaka sauti ikauke na labda angepoa. Lakini alijua. Alijua, akala chakula chake, akacheka na paka.

"Sikia," alisema, na safari hii hakupaza sauti, jambo lililomtisha Volti kuliko ubao. "Mke na mtoto hawaingii sebule hii. Watakula chumbani kwangu, watalala chumbani kwangu. Hicho kitu ama utakitengeneza kama kinavyotakiwa, hakuna 'baadaye', ama utakibeba uende nacho kwenye hiyo nyumba yako isiyo na paa, ukae nacho huko, mleane."

Kesho yake Volti alileta waya wa nyuzi tatu na vipete vya mpira. Alilisawazisha tundu kwa tupa mpaka likawa laini, akatia mpira, akaubana waya kwa ndani usiweze kuvutika, akaufunga ule wa athi kwenye bati kwa skrubu na kulilehemu fundo lake. Mama Mikate alisimama nyuma yake kama polisi wa mpaka.

"Vuta."

Akavuta. Waya haukusogea.

"Vuta kama ulivyokuwa unakivuta kila siku."

Akavuta kwa nguvu. Haukusogea.

Kazi ingeishia hapo, kama hofu isingekuwa imemfundisha Volti kutoliamini jambo kwa kulitazama. Alichukua balbu yenye nyaya mbili, akagusisha kwenye matundu mawili ya chini ya soketi ya ukutani. Ikawaka. Akahamishia waya mmoja kwenye tundu la juu, lile la athi. Balbu ikabaki giza. Akajaribu tena. Giza.

"Mama," alisema, na akasita. "Ukuta wenyewe hauna athi."

"Usianze."

"Naomba uangalie." Akazima umeme wa nyumba nzima, akafungua soketi. Nyuma ya tundu la tatu, ule waya wa kijani ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa, kama mkia wa mbwa mwoga. Haukwenda popote. Akafungua soketi ya jikoni. Vivyo hivyo.

Nyumba hiyo ilitiwa umeme na kaka yake Mama Mikate, fundi wa umeme aliyesifika mtaa mzima, na mtu wa kwanza kumcheka Volti kila alipokuja kula. Mama Mikate alizitazama soketi zile. Akaliwaza jokofu. Akaiwaza pasi, na siku zote alizopiga pasi akiwa peku kwenye sakafu aliyotoka kuideki. Hasira yake haikupungua hata chembe. Ilifungasha virago tu, ikahamia kwa mtu mwingine. Akachukua simu.

"Kaka, njoo."

"Kuna msiba?"

"Utakuwepo usipokuja."

Kaka alifika na mfuko wake wa kazi, kicheko kimemtangulia mlangoni. "Nasikia Volti ametaka kuuwasha moto mtaa mzima! Dada, si nilikwambia kijana huyu auze vigae tu?"

"Kaka, hilo tundu la juu ni la nini?"

"Lipi?"

"Hilo la soketi. La tatu."

"Hilo ni la athi."

"Na athi iko wapi?"

Kicheko kikapungua. Kaka akaikuna shingo. "Unajua, enzi zile watu wengi hawakuweka. Mumeo alitaka nyumba iwake haraka, tukasema..."

"Usimtaje marehemu. Marehemu hakushika bisibisi."

"Dada, nyumba imekaa miaka yote hii bila tatizo."

"Kwa hiyo tundu la tatu ni la urembo? Umenitobolea ukuta niweke maua?"

"Sasa unanivunjia heshima mbele ya mkwe."

"Mkwe nimeshamvunjia jana. Leo ni zamu yako."

Volti alitazama chini, asithubutu kupumua. Kaka alifungua mdomo kujibu, na hapo mlango wa chumbani ukafunguka. Binti alichungulia, mkono umefungwa bendeji nene, mtoto ubavuni.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

Kaka hakuitikia. Aliutazama ule mkono. Ni yeye aliyembeba binti huyu mabegani alipokuwa mdogo. Alimfundisha kupiga mluzi. Aliutua mfuko wake sakafuni, akaupangusa uso kwa kiganja.

"Volti," alisema, bila kumtazama mtu. "Jembe lenu liko wapi?"

Walichimba nyuma ya bafu, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu. Kaka alileta fimbo ndefu ya shaba, wakaigongelea chini kwa nyundo kwa zamu, wakipokezana matusi madogo madogo.

"Inatosha hapa," kaka alisema, akihema.

"Mjomba, bado imechomoza."

"Nani fundi hapa?"

"Endeleeni," Mama Mikate alisema kutoka kwenye kiti chake.

Wakaendelea. Kisha wakavuta waya mpya hadi kwenye ubao wa fyuzi, na kutoka hapo hadi kila soketi, vumbi la ukuta likidondokea skonzi, na Mama Mikate hakusema neno juu ya skonzi. Volti akachukua balbu yake, akagusisha tena kwenye tundu la tatu. Ikawaka. Akachomeka kibati, akakiwasha, na kaka akakigusa kwa testa.

"Hakuna umeme. Unaona, dada? Testa haiwaki."

"Testa haina mtoto," Mama Mikate alisema. Aliingia jikoni, akarudi na bakuli la maji, akaliweka sakafuni kati yao. "Loweka mkono, ukishike."

"Dada!"

"Wewe ndiwe fundi. Si umesema hakuna umeme? Loweka."

Kaka aliyatazama maji kama yanachemka. Kabla hajajibu, Volti alikuwa ameshapiga magoti. "Mjomba, kibati nimekitengeneza mimi," alisema. Akauzamisha mkono wote mpaka kwenye kifundo, akautoa ukitiririka, akauweka bapa juu ya bati.

Taa nyekundu iliwaka. Mama Mikate alimtazama usoni kama anavyotazama mkate kwenye mdomo wa tanuri, akitafuta rangi ibadilike. Haikubadilika.

"Kinakutekenya?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Usiutoe." Akamgeukia kaka yake. "Na wewe."

Kaka akaguna, akalowesha mkono, akauweka kando ya ule wa Volti. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi na mwingine ana cheo cha baba, walikaa wamepiga magoti na mikono yao mibichi juu ya bati la mkate, wasijue waitoe lini. Binti akaziba mdomo kwa bendeji yake.

"Sijawasamehe," Mama Mikate alisema. "Msije mkadhani. Kuanzia leo nikiwa na neno nalisema kwa mwenyewe, usoni, na sitaki kusikia kicheko. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa nataka rafu. Hicho kitu hakikai sakafuni wala mezani."

Volti alileta ubao na misumari. Akauinua ukutani usawa wa kifua chake.

"Hapa?"

"Juu."

Akauinua usawa wa kichwa. "Hapa?"

"Mtoto atakua. Juu."

"Mama, juu ya hapo hata mimi sifiki."

"Utapanda kiti," Mama Mikate alisema, akakisukuma kwa mguu kile alichokuwa amekalia.